Taa Ambazo Shangazi Hakuzihesabu

Katika miaka ya tisini, wakati karibu kila mtu niliyemfahamu alikuwa ameanza kuuza kitu, mimi nilikuwa napima umbali wa galaksi kwa eksirei. Wenzangu niliohitimu nao waliuza mitumba, betri, kanda za video na matairi. Mimi nilikuwa na bunda la karatasi za kompyuta zenye matundu pembeni, na kwenye karatasi hizo majina ya galaksi mia na ushee ambazo hakuna aliyetaka kununua hata moja.

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Galaksi nyingi katikati yake pametulia. Chache hazijatulia: kitovuni mwake mna shimo jeusi linalomeza gesi, na gesi hiyo, kabla ya kumezwa, huzunguka, hupata joto kali na kung'aa kuliko nyota zote za galaksi hiyo zikijumlishwa. Hung'aa kwa namna mbili zilizonihusu. Ya kwanza ni urujuanimno, mwanga uliopita kidogo tu mpaka wa macho yetu. Ya pili ni eksirei, zile zile za hospitali, isipokuwa huku hakuna anayekuamuru uvue shati na ushike pumzi.

Tatizo la anga ni kwamba ukiona nukta hafifu, hujui kama ni taa ndogo iliyo karibu au taa kubwa iliyo mbali. Lakini galaksi hizi zina tabia moja. Yenye nguvu nyingi hutoa eksirei chache ukilinganisha na urujuanimno wake, na iliyo dhaifu hutoa eksirei nyingi ukilinganisha hivyo hivyo. Umbali hufifisha vyote viwili kwa kiasi kimoja, kwa hiyo uwiano wao haubadiliki njiani. Pima uwiano, utajua taa ilikuwa na nguvu gani huko ilikotoka. Linganisha nguvu hiyo na ufifu unaouona hapa, na umepata umbali. Ni rahisi kiasi cha kumshawishi kijana wa miaka ishirini na sita kuacha kuuza matairi.

Nilikuwa na kipimo kingine cha umbali cha kulinganishia, kile cha jinsi mwanga unavyovutika kuelekea wekundu. Nilichora kimoja dhidi ya kingine nikitegemea kuona mstari. Nilichopata kilifanana na mtama uliomwagwa mbele ya kuku. Wakati huo wataalamu wengi duniani waliona hivyo hivyo na kuamua njia hii haina maana. Mimi sikuweza kuamua hivyo, kwa sababu nilikuwa mkufunzi msaidizi, na mkataba wangu ulisema nisipopata shahada ya pili kufikia mwisho wa mwaka ule wa masomo, nafasi yangu inafutwa. Zilikuwa siku za kupunguza wafanyakazi nchi nzima. Mume wa dada yangu, aliyekuwa na duka la vipuri vya baiskeli pale njia panda ya Mingoyo, alikwisha kunitengea kigoda. Alinitumia salamu kwamba kigoda kina mto.

Ndipo nikapanda basi kwenda Kilwa Kivinje kwa shangazi, kufikiri. Ndivyo nilivyomwambia msimamizi wangu: kufikiri. Yeye alikuwa mtu wa Newala, mpole, asiyepoteza maneno, na aliniruhusu kwa kuitikia kwa kichwa. Nusu ya siku ya kufikiri iliishia kwenye foleni ya pantoni ya Rufiji, nikiwa nimekalia galaksi zangu zisilowane.

Shangazi alikuwa mchemsha dagaa. Alikuwa na masufuria manne makubwa juu ya mafiga ya mawe, hatua chache kutoka maji yanapofika, na kuni zilizoletwa kwa baiskeli kutoka upande wa Mitole. Boti zilizovua kwa taa usiku zilirudi alfajiri, na dagaa ni samaki asiyengoja. Akifika ufukweni akute maji yanachemka, la sivyo tumbo linapasuka na mzigo unakuwa chakula cha kuku. Lakini ukichemsha mapema, kuni zinakwisha boti ingali mbali. Kwa hiyo riziki ya shangazi ilitegemea kujua, gizani, taa gani baharini iko umbali gani.

Zamani, aliniambia, haikuwa kazi. Karabai zote, zile taa za kupigwa pampu, zilitoka duka moja la ushirika, za aina moja, na mafuta yale yale. Inayong'aa iko karibu, iliyofifia iko mbali, basi. Kisha milango ya biashara ikafunguliwa na karabai zikaingia kutoka kila upande wa dunia, kubwa, ndogo, nzuri, za kupasuka wiki ya pili. Ufifu peke yake ukawa hausemi kitu. Sikumwambia kwamba alikuwa ananisimulia sura ya kwanza ya tasnifu yangu. Nilimwacha aendelee, nikiwa na furaha ya mtu aliyekuta jina lake limeandikwa ukutani mji wa ugenini.

Alfajiri ya pili aliniamsha nikamsaidie kukoka moto. Tulisimama ufukweni na jirani yake, mama mmoja wa Kimakonde mwenye masufuria mawili na mdomo wa masufuria kumi. Baharini kulikuwa na taa saba au nane. Shangazi alinionyesha moja hafifu ya manjano.

"Huyo yupo hapa hapa. Upepo wa taa umemwishia tu. Washa sufuria la kwanza."

Akanionyesha nyingine, hafifu kama ile, lakini nyeupe. Hiyo aliiacha. Taa iliyopigwa pampu sawasawa, alisema, huwaka nyeupe; iliyochoka huwa ya manjano, na weupe huo hauondoki kwa mbali. Nyeupe na hafifu maana yake ina nguvu na iko mbali. Ya manjano na hafifu iko karibu. Boti ya taa ya manjano ikaja, maji yakawa yanachemka. Ile nyeupe ilifika jua likiwa limeshachomoza.

Rangi kwanza, ndipo ufifu. Ulikuwa uwiano wangu wa eksirei na urujuanimno, umevaa kanga na kushika upawa.

Kulikuwa na taa nyingine moja, ya manjano pia, ambayo nilijitolea kuikokea moto. Shangazi alinishika mkono.

"Huyo simhesabu. Kioo chake kichafu."

Na kweli, boti ile ilikuwa mbali sana. Masizi ya kioo yaliifanya taa nzuri ionekane imechoka, na kwa hiyo ionekane iko karibu. Nilisimama pale nimeshika ukuni. Angani nako kuna masizi. Galaksi nyingi zimezungukwa na vumbi, na vumbi humeza urujuanimno na kuacha eksirei nyingi zipite, hivyo galaksi yenye nguvu huonekana dhaifu, na mtu wa hesabu huiweka karibu kuliko ilipo. Nilichohitaji ni kutoa zenye vioo vichafu. Sikuuliza shangazi alijuaje kwamba kioo kile ni kichafu. Niliona mwenyewe: taa ile haikukaa vizuri na nyingine, mtu mwenye jicho akaitambua. Nilikuwa na shahada, jicho nilidhani linakuja nayo.

Nilirudi Dar es Salaam na kwa siku nne, katika saa chache ambazo umeme ulikuwepo, nilisafisha orodha. Kila galaksi iliyokaa mbali na mstari niliitazama, nikaona ina dalili ya vumbi, nikaifuta. Mstari ulijitokeza ukiwa umenyooka kama umepigwa rula. Nilipeleka mchoro kwa msimamizi wangu nikiwa nimeubandika kwenye jalada gumu, jambo ambalo hakuna aliyeniomba nifanye.

Aliutazama. Akavua miwani, akaifuta, akautazama tena.

"Hizi ulizotoa," alisema, "uliziona zina vumbi kabla ya kuzichora au baada?"

Nilisema baada.

"Basi hapa umechora matumaini yako. Ni mazuri. Lakini siwezi kuyapeleka kwa watahini."

Alinipa wiki sita, akanirudishia jalada langu, na kusema, kwa namna ya kunifariji, kwamba gundi imeshika vizuri.

Wiki ya kwanza niliitumia kumkasirikia. Ya pili, kompyuta ya idara iliharibika, na fundi akasema kifaa kinachohitajika kiko njiani kutoka nje, kauli ambayo wakati ule ilieleza karibu kila kitu nchini. Niliandika kwa mkono barua ya kumkubalia shemeji kigoda. Sikuiposti. Niliiweka katikati ya galaksi na kurudi Kivinje, nikijidanganya kwamba ni kwa sababu ya Maulidi.

Shangazi alijua kuna jambo kwa sababu nilikula kidogo, na kwake hakukuwa na ugonjwa mwingine. Nilimweleza. Nilieleza vibaya, kwa kujitetea, kwamba nimefanya kama yeye alivyofanya, nimeacha taa chafu, na mzee wa Newala amekataa. Kisha, kwa mara ya kwanza, nikamuuliza swali ambalo mtu asiyesoma angeliuliza mwezi mzima kabla: ukiwa umesimama ufukweni gizani, unaijuaje taa yenye kioo kichafu?

"Gizani nitaijuaje?" Alinitazama kama anatafuta homa. "Mwanangu, ile nilishaiacha mchana."

Siku hiyo baada ya sala ya alasiri nilimfuata. Boti zilikuwa zimelala mchangani na wavuvi walikuwa wakijaza mafuta na kuandaa karabai zao. Shangazi alipita boti moja hadi nyingine na kitambaa begani. Nilikuwa nimemwona akifanya hivyo safari iliyopita na nikadhani anatafuta umbea. Aliuliza hali, aliuliza wagonjwa, aliuliza leo mtu anavua upande gani, na huku akiuliza aliinua kila kioo kukielekeza juani, akakizungusha, akakirudisha.

"Mkaguzi amekuja," mmoja akawaambia wenzake. "Ficheni vyeti."

"Shangazi, na mimi leo nihesabu basi," akasema mwingine, kijana mwenye kioo kilichokuwa na wingu jeusi upande mzima.

"Futa kwanza."

"Nitafuta kesho."

"Basi kesho nitakuhesabu. Leo ukija, piga kelele nikusikie."

Wakacheka, na yule kijana hakufuta. Shangazi alihifadhi kichwani nani ni msafi na nani siye, na kila mmoja atakuwa upande gani wa bahari, na usiku hakubadili neno. Taa ya mtu mchafu hata ikionekana inasema kweli, hakuisikiliza. Ya mtu msafi hata ikimshangaza, aliifuata.

Nilimuuliza kwa nini asingoje aone zinavyowaka. Kabla hajajibu, jirani yake alishaweka chini upawa.

"Muulize habari za mgeni wake aliyemchemshia maji akakataa kuja."

Shangazi akamwambia akachunge masufuria yake mawili yasije yakaibwa na paka. Lakini hadithi ikatoka, na jirani aliisimulia kwa raha ya mtu aliyeirudia mara nyingi. Miaka michache nyuma, kabla ya kuanza ukaguzi wa mchana, shangazi alikuwa na mazoea ya kuamua papo hapo. Alfajiri moja alikuwa anangoja kwa hamu boti fulani yenye mzigo mkubwa. Taa ya boti hiyo, ingawa yeye hakujua, ilikuwa ya manjano, haikumpendeza mahali ilipokuwa, akasema hiyo chafu. Akachagua nyingine, nyeupe safi, chini kabisa upeoni, pale pale alipotaka boti yake iwe. Ina nguvu, akasema, inakuja. Akawasha masufuria yote manne. Taa ikapanda. Ikaendelea kupanda. Ilipofika juu ya vichwa vya boti nyingine ndipo mtu mmoja akasema jamani, hiyo ni Zuhura.

"Alimchemshia nyota," jirani alimalizia. "Kuni za wiki. Na nyota yenyewe haikushukuru."

Shangazi hakukasirika. Alisubiri kicheko kiishe, akanijibu mimi.

"Usiku kila taa usiyoipenda utasema chafu. Ndiyo maana naamua mchana, wakati sijui nani atapata samaki. Na ambaye sikumwona hapa mchana simhesabu, awe mweupe vipi."

Nilirudi nyumbani kwa shangazi nikafungua karatasi zangu za galaksi. Kulikuwa na safu ya tano, ambayo kwa miezi minane nilikuwa nikiipita kama mtu anavyompita jamaa anayemdai salamu. Ilitoa rangi ya kila galaksi katika mwanga wa kawaida. Vumbi hufanya mwanga uwe mwekundu. Safu ya tano ilikuwa kioo kilichoinuliwa juani, kabla ya mtu yeyote kuuliza habari za umbali. Nilichopaswa kufanya ni kuweka mpaka kwenye safu hiyo, kutoa zote zilizopita mpaka, na kutozitazama zimekaa wapi kwenye mchoro mpaka nimalize.

Sikujiamini. Nilizikumbuka nukta zangu vizuri mno. Nilichukua mchoro na orodha ya umbali, nikampa shangazi, nikamwomba avifungie kwenye kasha lake na asinipe hata nikimbembeleza. Alifunga, akakalia kasha, na kwa jioni mbili alichambulia mchele pale pale juu yake. Nilimbembeleza mara moja. Aliniambia ufunguo umepotea, huku ukining'inia shingoni mwake.

Nilikaa kibarazani na rula na kalamu nyekundu. Niliweka mpaka, nikashuka orodha, nikikata. Kazi ilikwenda vizuri mpaka nilipofika kwenye galaksi niliyoipenda. Mtu asiyepoteza ujana wake kwenye majedwali hawezi kuelewa kwamba inawezekana kuipenda moja. Ilikuwa ya mbali kuliko zote, na kila mara nilipochora ilikaa juu ya mstari kabisa, kama mtoto anayekaa mbele darasani. Sikuhitaji mchoro kujua. Safu ya tano ilisema ni nyekundu. Kioo chake kilikuwa kichafu.

Nilimwambia shangazi kuna moja nzuri lakini imepita mpaka kidogo tu.

"Uliuweka mpaka kabla hujaiona?"

"Ndiyo."

"Sasa unataka nini kwangu?"

Niliikata. Kisha nikaendelea kushuka, nikaziacha hai galaksi kumi na kitu ambazo nilizichukia kwa dhati, zilizokaa huko nje ya mstari na rangi safi kabisa, hazina kosa lolote isipokuwa kunikatisha tamaa.

Kompyuta ilipopona nilichora upya. Haukuwa mstari ule wa jalada gumu. Mtama ulikuwa bado mtama, ila sasa ulionekana kama kuku wamepita kwa mpangilio. Uelekeo ulikuwepo, na mtawanyiko ulikuwa umepungua, si sana, lakini umepungua kwa haki. Niliandika hivyo. Niliongeza jedwali la galaksi zote nilizotoa, na sababu ya kila moja, na ile niliyoipenda ikiwa ya kwanza. Msimamizi wangu alisoma, akabadilisha koma mbili, akatia sahihi.

Siku ya utetezi nilivaa suti ya mtumba iliyokuwa imeshonewa mtu mwenye mikono mifupi. Mtahini wa nje, mtu mkali mwenye sauti ya chini, alifungua ukurasa wa mchoro na kuuliza kama kwa njia hii ningeweza kumwambia galaksi fulani iko umbali gani. Nilikuwa nimeandaa jibu refu lenye maneno ya Kilatini. Nilisema hapana, moja moja siwezi. Nikizipata nyingi zaidi, zenye vioo safi, kwa pamoja zitaanza kusema. Akauliza nimejuaje vioo safi ni vipi, na hapo nikamweleza safu ya tano, mpaka, na mpangilio wa kazi: kipi kilifanywa kwanza na kipi baadaye. Sikutaja kasha. Waliniambia nitoke nje, na nilipoitwa tena walinipa marekebisho madogo na mkono.

Nafasi yangu haikufutwa. Nilifundisha miaka kumi na moja, bila kung'ara na bila kuona haya, kabla sijagundua kwamba wanafunzi walipenda zaidi porojo zangu kuliko milinganyo, nikahamia upande wa porojo moja kwa moja. Wengine, wenye darubini bora na subira kubwa kuliko yangu, wamekwisha kukusanya galaksi za namna ile kwa maelfu, wakatoa zenye vumbi kwa rangi yake, na mtama wao umekuwa mstari unaostahili jina hilo. Nilisoma habari zao kwa wivu mdogo sana, kiasi cha kijiko cha chai. Barua ya kigoda niliikuta siku moja ndani ya majedwali, nikamsomea shemeji kwa simu, akaniambia kigoda amempa mtu mwingine na mto umechanika.

Lakini siku niliyopeleka tasnifu Kivinje ndiyo ninayoipenda. Ilikuwa imejalidiwa rangi nyeusi, herufi za dhahabu, nzito. Shangazi alinawa mikono kabla ya kuigusa. Aliruka maneno yote, hakuyapunguzia heshima, aliyaruka tu, mpaka akafika kwenye mchoro. Aliweka kidole kwenye nukta zilizokaa mbali na mstari.

"Hizi je?"

"Vioo vyake safi. Sijui kwa nini zimekaa huko."

"Na umeziacha hapo hapo watu wazione."

"Nimeziacha."

Aligonga nukta moja kwa kidole.

"Kwa hiyo hujui ziko umbali gani."

"Najua kidogo."

"Na wamekupa cheti."

"Wamenipa."

Alicheka mpaka akashika ubavu, jirani akaja kuuliza kuna nini, akaelezwa, akacheka zaidi. Kisha shangazi akaifunga tasnifu ndani ya kanga safi, akaiweka juu ya meza mbali na moshi, na kuniambia nishike upande wa pili wa sufuria tulitenge mafigani, kisha nikachote maji, kwa sababu lilikuwa tupu na ndoo zilikuwa bado kisimani.